Upitishaji au Upitishi? Kupima Kiwambo cha Seli ya Fueli, kwa Mfano wa Maji ya Kirumba

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo moja la fizikia na jambo moja la sarufi. Jambo la fizikia ni namna wanasayansi wanavyopima uwezo wa kiwambo cha seli ya fueli wa kupitisha umeme. Jambo la sarufi ni tofauti ya maana kati ya nomino zinazoishia na -aji na zile zinazoishia na -i, zitokanazo na kitenzi kimoja. Msomaji wa jarida hili aghalabu amelizoea jambo la pili kuliko la kwanza. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya makala itatumika kulieleza la kwanza, maana huko ndiko istilahi zetu zinakojaribiwa kwelikweli.

Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, mjadala wa istilahi za sayansi umeelemea upande mmoja. Tumekuwa tukiulizana neno litoke wapi: litoholewe kutoka Kiingereza, liazimwe kutoka lugha za Kibantu, au liundwe kwa vipashio vya Kiswahili chenyewe. Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. Kabla ya kuuliza neno limetoka wapi, inafaa kuuliza kama linamwezesha mtu kuifanya kazi yake bila kukosea. Yapo maneno mazuri ya kusikia ambayo yakipelekwa maabara huchanganya vitu viwili visivyofaa kuchanganywa. Neno upitishaji, kama linavyotumika sasa, ni mojawapo.

Mifano ya maji imechukuliwa Kirumba, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria. Kiwambo cha seli ya fueli ni kitu kigeni kwa wengi wetu, ilhali ndoo ya maji ya ziwa na ndoo ya maji ya chumvi si vitu vigeni kwa mtu yeyote. Fizikia inayohitajika kuelewa kiwambo imo yote ndani ya ndoo hizo mbili.

2.0 Ndoo mbili za Mwaloni

Kirumba ni kata ya Ilemela, Mwanza. Watanzania wengi huijua kwa uwanja wake wa mpira. Wafanyabiashara wa samaki, wakiwamo watokao Kongo, huijua kwa Soko la Mwaloni. Jina la soko hilo linastahili tanbihi fupi. Mwalo, wingi mialo, ni neno la watu wa ziwa kwa mahali mitumbwi inaposhusha samaki, ambapo watu wa pwani husema diko. Neno hilo limepanda kutoka ufukoni hadi katika nyaraka za serikali za uvuvi bila kamati yoyote kuketi kulijadili, na hapa Kirumba, likiwa na kiambishi chake cha mahali, limekuwa jina la pekee.

Sokoni hapo, pamoja na dagaa, huuzwa kayabo, yaani sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa. Basi tuchukue ndoo mbili zinazolingana kwa kila hali. Moja tuijaze maji ya ziwa, ya pili tuijaze maji yaliyokolezwa chumvi mpaka chumvi isiyeyuke tena. Tukitumbukiza katika kila ndoo vibao viwili vya chuma, tukaviunganisha na betri na balbu ndogo, balbu ya ndoo ya chumvi itawaka na ile ya ndoo ya ziwa itabaki giza. Umeme ndani ya maji hauchukuliwi na elektroni kama ndani ya waya. Huchukuliwa na ioni, yaani chembe zenye chaji zitokanazo na chumvi iliyoyeyuka. Palipo na ioni chache, umeme hupata wachukuzi wachache.

Wataalamu wa maziwa wametumia kanuni hii kwa miaka mingi kupima wingi wa chumvi katika maji bila kuyachemsha na kupima mashapo. J. F. Talling na Ida Talling, katika uchunguzi wao wa kemia ya maziwa ya Afrika uliochapishwa mwaka 1965, waliyapanga maziwa hayo katika makundi matatu kwa kipimo hiki peke yake: yasiyofika mikrosimensi 600 kwa sentimita, yaliyo kati ya 600 na 6,000, na yanayozidi hapo. Ziwa Viktoria limo ndani kabisa ya kundi la kwanza, kwani maji yake huwa na takriban mikrosimensi 100 tu kwa sentimita. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya 600. Maji ya bahari yana kama 50,000, na maji ya ndoo yetu ya chumvi yanakaribia 250,000. Kizio cha simensi kimepewa jina la Werner von Siemens, na ni kinyume cha omu, kizio cha ukinzani kilichopewa jina la Georg Ohm: kitu chenye ukinzani wa omu 2 kina simensi 0.5.

Sasa tuitazame ndoo ya maji ya ziwa peke yake. Tukivisogeza vibao karibu zaidi, umeme utapita kwa urahisi zaidi. Tukitumia vibao vikubwa zaidi, utapita kwa urahisi zaidi tena. Maji hayakubadilika; kilichobadilika ni umbo la njia. Kwa hiyo kuna maswali mawili. La kwanza ni: Je, kati ya vibao hivi viwili, vilivyo hapa, umeme unapita kwa kiasi gani? La pili ni: Maji haya, kwa asili yake, ni mepesi kiasi gani kupitisha umeme? Jibu la swali la kwanza hubadilika kila tunapogusa kibao. Jibu la swali la pili ni lilelile kwa ndoo moja na kwa ziwa zima. Ndiyo maana vizio vyao havifanani: la kwanza hujibiwa kwa simensi, la pili kwa simensi kwa sentimita.

Kiingereza kina maneno mawili kwa mambo haya, yenye shina moja na viambishi tamati tofauti. Katika maandishi mengi ya Kiswahili, yote mawili huitwa upitishaji.

3.0 Hoja ya sarufi

Baadhi ya watu wamependekeza kuongeza kivumishi: upitishaji na upitishaji mahsusi, au upitishaji na upitishaji wa mata. Njia hii si mbaya, ila ina udhaifu ambao kila mwalimu ataujua. Vivumishi huanguka. Mwanafunzi akishaandika upitishaji mahsusi mara tatu, mara ya nne ataandika upitishaji tu, na msomaji hatajua kama kivumishi kimeachwa kwa ufupisho au kwa makusudi. Wengine wametohoa, wakapata maumbo kama ukondaktivu, ambalo ni neno lisilo na ndugu katika Kiswahili na ambalo mwanafunzi hana budi kulikariri kama jina la mtu.

Naona kwamba lugha yenyewe imekwisha kuweka njia. Tuangalie jozi hizi: uandikaji na uandishi, usomaji na usomi, upikaji na upishi. Uandikaji ni tendo. Tunaweza kuzungumzia uandikaji wa barua hii, leo, kwa kalamu hii. Uandishi ni sifa au taaluma inayokaa kwa mtu hata akiwa amelala. Jozi iliyo karibu zaidi na mada yetu inapatikana palepale Mwaloni, nayo ni uvuaji na uvuvi. Uvuaji wa usiku wa jana hutegemea wavu, mwezi na upepo. Uvuvi wa Kirumba hautoweki kwa sababu usiku mmoja mitumbwi imerudi mitupu. Nomino ya -aji hufungamana na tukio na mazingira yake, ilhali ile ya -i hutaja sifa inayodumu.

Zaidi ya hayo, neno kipitishi tunalo tayari kwa maana ya kitu kinachopitisha umeme, na nusukipitishi limefuata nyayo zake. Kutoka kiongozi tunapata uongozi, na kutoka kinyozi tunapata unyozi. Kutoka kipitishi, basi, tunapata upitishi bila kulazimisha chochote. Upitishi ni sifa ya mata ya kuwa kipitishi, na hujibiwa kwa simensi kwa sentimita. Upitishaji ubaki kwa kile kinachofanywa na kipande fulani chenye umbo fulani, na ujibiwe kwa simensi.

Pingamizi lipo. Atatokea msomaji atakayesema kwamba jozi hizi hazisimami imara kila mahali: uokoaji na uokozi hutumika kwa maana moja, na ufundishaji hauna mwenzake *ufundishi. Hilo ni kweli. Lakini istilahi haiundwi kwa kanuni isiyo na mapengo. Huundwa kwa mwelekeo ambao mzungumzaji anauhisi, kisha matumizi huukaza. Mtu mwingine atapendelea upitishivu, kwa mfano wa usikivu na uvumilivu. Umbo hilo si kosa, ila kiambishi -ivu hupenda zaidi vitenzi vya hali, kama tulia, legea na nyamaza, na halina uhusiano wa moja kwa moja na kipitishi. Vilevile nakiri kwamba mfumo haulingani pande zote, kwa kuwa ukinzani umekwisha kuzoeleka kwa ukinzani wa kipande, na sina neno la kupendekeza kwa ule wa mata. Bahati njema hatulihitaji sana, kwa sababu ukinzani wa mata ni kinyume cha upitishi wake.

Haya yote yangekuwa mabishano ya maneno tu kama hasara yake isingeonekana. Kwenye maji hasara ni ndogo, maana vyombo vya kupimia maji hutengenezwa na vibao visivyosogea. Kwenye kiwambo hasara ni kubwa.

4.0 Seli ya fueli na kiwambo chake

Mwaka 1839 William Grove, Mwingereza wa Wales, alionyesha kwamba hidrojeni na oksijeni zikikutanishwa kwa njia ya elektrodi za platini zilizozamishwa katika asidi, hutoa umeme na kuacha maji. Hicho ndicho chanzo cha seli ya fueli. Natumia seli ya fueli badala ya seli ya mafuta kwa sababu mbili: hidrojeni si mafuta kwa maana yoyote inayoeleweka na msemaji wa kawaida, na seli ya mafuta kwa mwanabiolojia ni chembe hai ya mwili inayohifadhi shahamu.

Asidi ya majimaji ina udhia: humwagika, hula vyuma, na haitulii chombo kikitikisika. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, Thomas Grubb na Leonard Niedrach wa kampuni ya General Electric nchini Marekani waliweka mahali pake karatasi nyembamba ya plastiki yenye tabia ya asidi, na seli za aina hiyo zilisafiri angani katika vyombo vya Gemini kuanzia mwaka 1965. Plastiki iliyokuja kutumika kuliko zote, Nafion, ilitokana na kazi ya Walther Grot katika kampuni ya DuPont mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni minyororo mirefu inayofanana na ile ya plastiki ya sufuria zisizogandisha chakula, ila kwenye matawi yake imefungwa vikundi vya asidi ya salfoni. Kila kikundi kina protoni moja iliyo tayari kuachana nacho, mradi pana maji.

Kazi ya karatasi hiyo ni ya ubaguzi. Upande mmoja hidrojeni hugawanywa kuwa protoni na elektroni. Protoni huruhusiwa kupenya. Elektroni hukataliwa, zikalazimika kuzunguka kwa nje kupitia waya, na mzunguko huo wa nje ndio mkondo unaowasha taa. Upande wa pili hukutana tena, pamoja na oksijeni, yakawa maji. Ni dhahiri kwamba tunapozungumzia upitishi wa karatasi hii tunakusudia upitishi wa protoni. Upitishi wa elektroni ungekuwa ugonjwa.

Je, karatasi hii tuiite utando au kiwambo? Utando ni kitu kinachojitandaza chenyewe juu ya kingine, kama utando wa maziwa yaliyopoa au wa buibui. Kiwambo hutokana na kuwamba, yaani kuvuta ngozi na kuikaza juu ya mzinga wa ngoma. Karatasi ya seli ya fueli hukazwa kati ya nyuso mbili na hufanya kazi kwa sababu imekazwa hapo. Kwa hiyo kiwambo kinafaa zaidi. Mfano wa ngoma unasaidia kwa njia nyingine pia, ingawa kwa kinyume. Wapigaji wa ngoma za Kisukuma, kama zile zinazohifadhiwa Bujora, wanajua kwamba ngozi iliyonyonya unyevu hulegea na kupoteza sauti, ikabidi isogezwe kwenye moto. Kiwambo cha seli ya fueli kikisogezwa kwenye moto ndicho kinapokufa, kwa sababu kikikauka protoni hazina njia. Protoni husafiri pamoja na maji, au hurushwa kutoka molekuli moja ya maji hadi jirani yake, kama Theodor von Grotthuss alivyowazia mwaka 1806 aliposhughulikia maji yenyewe.

5.0 Namna ya kupima

Kiwambo cha Nafion cha aina ya 117 kina unene wa takriban mikrometa 183, yaani sentimita 0.0183. Kikiwa kimeloa vema katika joto la kawaida, upitishi wake ni karibu simensi 0.1 kwa sentimita. Huo ni mara elfu ya upitishi wa maji ya Ziwa Viktoria na mara mbili ya ule wa bahari. Tuufanye huu upitishi wa kudumu, kisha tupime vipande viwili vya kiwambo kilekile.

Kipande cha kwanza tunakibana kati ya elektrodi mbili zenye eneo la sentimita moja ya mraba, umeme upite kutoka uso hadi uso. Njia ni fupi na pana. Ukinzani ni 0.0183 ukigawiwa kwa 0.1, yaani omu 0.183. Kipande cha pili ni ukanda wenye upana wa sentimita moja, nasi tunapima kwa urefu, kati ya nukta mbili zilizoachana kwa sentimita mbili. Sasa njia ni ndefu, na mlango wake ni ule unene mwembamba. Ukinzani ni 2 ukigawiwa kwa zao la 0.1 na 0.0183, yaani karibu omu 1,093. Kwa lugha ya upitishaji, kipande cha kwanza kina simensi 5.5 na cha pili simensi 0.0009. Kiwambo ni kimoja, upitishi ni mmoja, na upitishaji umetofautiana karibu mara 6,000. Mwanafunzi anayeandika katika tasnifu yake kwamba upitishaji wa kiwambo ulikuwa 5.5, bila zaidi, hajasema lolote ambalo mwingine anaweza kulitumia. Kama naye ana neno moja tu kwa mambo yote mawili, hatajua hata kwamba hajasema.

Nitaita njia ya kwanza kipimo cha kupenya na ya pili kipimo cha kuambaa. Mtumbwi unaoambaa hufuata ufuko bila kuuvuka, na ndivyo protoni zinavyofanya katika kipimo cha pili. Kila njia ina raha yake na karaha yake.

Kipimo cha kupenya hufanana na kazi halisi ya kiwambo ndani ya seli, na kwa hiyo ndicho tungekitaka. Tatizo ni ile omu 0.183. Waya za maabara na vibanio vyake huweza kuwa na ukinzani wa sehemu ya kumi ya omu, na mgusano kati ya elektrodi na kiwambo huongeza wake. Anayepima hivyo anaweza kuwa anapima waya kuliko kiwambo. Dawa mojawapo ni kubana viwambo viwili, vitatu, vinne pamoja, kupima kila mara, kisha kutazama ukinzani unaongezeka kiasi gani kwa kila kiwambo kinachoongezwa. Ukinzani wa waya haubadiliki, hivyo hujiondoa wenyewe katika hesabu, ingawa mgusano wa kiwambo na kiwambo haujiondoi kwa uhakika uleule.

Kipimo cha kuambaa huondoa udhia huo kwa elektrodi nne. Mkondo huingizwa na kutolewa kwa elektrodi mbili za nje. Volteji hupimwa kwa nyingine mbili za ndani, ambazo karibu hazichukui mkondo wowote, hivyo ubovu wa mgusano wao hauharibu hesabu. Kinachobaki ni kiwambo kilicho kati ya zile mbili za ndani. Ndiyo sababu takwimu nyingi za upitishi zinazochapishwa ni za kuambaa, hata pale ambapo mwandishi anajali kupenya. Kwa Nafion iliyoloa vema jambo hili halileti madhara makubwa. Kwa viwambo vilivyovutwa wakati wa kutengenezwa, au vilivyotiwa nyuzi za kuvikaza, upitishi wa kupenya na wa kuambaa huachana, na kuutaja mmoja kwa jina la mwingine ni upotoshaji.

Mkondo wenyewe hauwezi kuwa mnyoofu, yaani wa kwenda upande mmoja daima. Protoni zikisukumwa upande mmoja bila kurudi, hukusanyika mbele ya elektrodi, hugeuka kuwa viputo vya hidrojeni, na chombo huanza kupima viputo. Friedrich Kohlrausch wa Ujerumani alilitatua tatizo hili kwa miyeyusho ya chumvi tangu karne ya 19 kwa kutumia mkondo geu: ioni husukumwa huku na huko haraka, zikakosa muda wa kukusanyika. Leo chombo hupita katika marudio mengi, kutoka hezi chache hadi laki kadhaa na zaidi, na kuchora mchoro wa mwitikio wa kiwambo kwa kila rudio. Katika marudio ya chini mchoro hutawaliwa na elektrodi. Katika ya juu elektrodi hunyamaza, na mahali mchoro unapoukata mhimili wa ukinzani ndipo tunaposoma ukinzani wa kiwambo chenyewe. Kabla ya kuliamini chombo, hupimwa kwanza mmumunyo unaojulikana. Unaotumika mara nyingi ni wa kloridi ya potasiamu wa moli 0.01 kwa lita, ambao katika nyuzi 25 za Selsiasi una mikrosimensi 1,413 kwa sentimita.

Baada ya hapo kinabaki kipimo kinachodharauliwa, nacho ni unene. Upitishi hauonekani kwenye chombo; hukokotolewa kutoka ukinzani, urefu, upana na unene. Nafion ikiloa huvimba kwa takriban asilimia 10 kila upande. Anayepima unene wa kiwambo kikavu na ukinzani wa kiwambo kilicholoa amechanganya viwambo viwili, na kosa lake linaingia lote katika jibu. Hapa tena anayejua kwamba upitishi si kitu kinachosomwa bali kinachokokotolewa atakumbuka kuuliza: unene wa lini?

6.0 Maji, moto na mahali

Kiwambo kipya huandaliwa kabla ya kupimwa. Utaratibu wa kawaida ni kukipasha moto katika peroksidi ya hidrojeni, kisha katika maji safi, kisha katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, na tena katika maji safi. Maelezo mengi husema tu: chemsha. Lakini Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Kiasi cha maji kinachoingia kwenye kiwambo hutegemea joto la maandalizi, kwa hiyo kuchemsha kwa Mwanza na kuchemsha kwa Dar es Salaam si tendo moja. Mwenye kuandika matokeo aandike nyuzi, asiandike kitenzi.

Hali kadhalika kwa unyevu. Vipimo vilivyofanywa Los Alamos, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilionyesha kwamba Nafion iliyozamishwa majini katika nyuzi 30 huchukua molekuli 22 hivi za maji kwa kila kikundi cha asidi, na upitishi wake hufika simensi 0.1 kwa sentimita. Ikiwekwa katika mvuke uliojaa kabisa huchukua kama 14 tu, na upitishi hushuka hadi karibu 0.06. Hii ndiyo ajabu aliyoiona Paul von Schroeder katika vitu vinavyovimba mwaka 1903. Kwa mhakiki wa istilahi inatosha kujua kwamba kilicholoa si neno moja.

Jambo la mwisho linaturudisha kwenye ndoo ya maji ya ziwa. Maji ya Ziwa Viktoria yana chumvi kidogo kiasi kwamba ulimi hauihisi. Hata hivyo yana sodiamu, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, ambazo chaji zake zikijumlishwa hufika karibu milimoli moja kwa lita. Kiwambo cha aina ya 117 chenye eneo la sentimita moja ya mraba kina protoni za kuachiliwa kama mikromoli 33. Kimahesabu, mililita 33 za maji ya ziwa, yaani kama vijiko viwili vya chakula, zina ioni za kutosha kushindania nafasi za protoni zote hizo. Si kila ioni itashinda, lakini Nafion huzipenda ioni hizi kuliko protoni, na kalsiamu na magnesiamu hung'ang'ania zaidi. Kila ioni inayokaa kwenye kikundi cha asidi humfukuza mchukuzi mmoja wa umeme, na kiwambo kilichojaa sodiamu hupitisha mara kadhaa chini ya kilichojaa protoni. Ndiyo maana anayeosha kiwambo kwa maji ya bomba kwa kuwa yanaonekana safi hupata upitishi mdogo, akaulaumu mtengenezaji. Maji ya kuoshea hayana budi kuwa yaliyokenekwa, na upitishi wake upimwe kwanza kwa chombo kilekile. Maji yaliyokenekwa vizuri hayafiki hata mikrosimensi 5 kwa sentimita.

Kwa hiyo sentensi kamili ya matokeo, kwa Kiswahili, ingesomeka hivi: Upitishi wa protoni wa kiwambo, uliopimwa kwa kuambaa kwa elektrodi nne, katika maji yaliyokenekwa ya nyuzi 30, kwa kutumia unene wa kiwambo kilicholoa, ulikuwa simensi 0.1 kwa sentimita. Kila neno ndani yake linafanya kazi, na hakuna hata moja lililohitaji kutafsiriwa kando yake. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie shule za sekondari, pingamizi lililorudiwa zaidi lilikuwa upungufu wa istilahi. Kwa upande wa umeme, sehemu ya upungufu huo ilikuwa kipitishi ambacho hakuna aliyekiondolea ki- na kukivika u-.